Boriti ya Tatu Kutoka Mlangoni

Wajukuu zangu wa kamati,

Mlipokuja mlinikuta nimesinzia barazani, mkanionea huruma, mkaniachia karatasi yenye picha ya Nyumba ya Mawe pamoja na bahasha ya mchango. Bahasha nimeirudisha na nilichonacho. Mliomba pia niwaandikie maneno ya kutia moyo, niwaeleze tulichangisha vipi zamani za Waingereza, jengo hilo lilipokaribia kuanguka mara ya kwanza. Maneno ya kutia moyo ninayo. Ninayo na mengine, na si haki niwape hayo niwafiche haya, maana kazi mnayoianza ndiyo ile ile.

Ninyi mmeikuta nyumba hiyo ina madarasa na umeme. Mimi niliikuta ina popo. Wamisionari waliijenga zama za Wajerumani, mlimani juu ya mji wa Bukoba, kwa mawe yaliyobebwa vichwani kutoka chini ziwani. Paa lake lilikuwa refu hata wapiga kasia waliotoka kisiwa cha Bumbire walilitazama ili wajue pa kuelekeza mitumbwi. Vita vya pili vilipokuja wenye nyumba, kwa kuwa ni Wajerumani, walichukuliwa na Waingereza, milango ikafungwa, mchwa wakaingia. Nilipoiona kwanza, mvua ilikuwa imekwisha nje lakini ndani bado inanyesha. Kanisa letu likaamua kuitengeneza iwe chuo cha walimu na wainjilisti. Wazee wengine walikuwa wakisema, "Ipo siku hapa patakuwa chuo kikuu," na sisi vijana tulicheka tukiwa tumeinamisha vichwa kama wanaosali. Leo maneno hayo yamechapwa juu ya karatasi yenu.

Niliajiriwa kwa sababu nilimaliza darasa la nane na nilijua kuendesha baiskeli. Cheo changu kilikuwa karani wa michango. Watoto wa njiani walinipa kingine: wakiniona kilimani walipiga kelele, "Bwana Leteni anakuja! Ficheni kuku!"

Aliyenifundisha kazi ni Mwinjilisti Yoeli, mzee mfupi mwenye kikohozi, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli kwa sababu, alisema, mtu wa baiskeli hasalimii vizuri. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mkulima mmoja wa kahawa karibu na Muleba. Nilisimama uani nikatoa hotuba yote niliyoikariri: jengo, elimu, watoto wa kesho. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesema vizuri, waitu," yaani mpendwa wetu, "mwende salama." Tukaenda salama, mikono mitupu.

Njiani Yoeli akaniuliza, "Umemwomba nini?"

"Mchango wa jengo."

"Jengo likoje? Hajaliona. Mwombe bawaba."

"Bawaba, Tata?" nikauliza, maana kwetu mzee huitwa Tata, yaani baba.

"Bawaba moja ya mlango wa kaskazini. Hakuna mtu wa Muleba anayeweza kutoa jengo. Bawaba anaweza. Tena usiombe umesimama, unafanana na mtoza kodi. Kaa chini. Ukiletewa kahawa, tafuna kwanza, usiwe na haraka kama kuku."

Kwa wale wenu mliotoka mbali: kwetu mgeni hupewa buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, zikakaushwa, azitafune. Nyumba iliyokupa kahawa imefungua masikio. Nyumba isiyokupa, nyanyuka uende zako, hata kama wanakuchekea.

Basi nikaanza kuomba vitu vyenye umbo. Niliomba bawaba, komeo, kioo cha dirisha moja, bati moja. Bati ndilo lililotembea kuliko yote, maana kila ukoo ulitaka bati lake. Taabu ni kwamba mtu aliyetoa bati hukumbuka bati. Baadaye, paa lilipoanza kuezekwa, alikuja mzee mmoja kutoka Kamachumu, mvua ikimnyeshea, akataka aonyeshwe lake. Fundi akamwonyesha lolote. Mzee akasimama chini yake muda mrefu, ametega kiganja, akasema kwa furaha, "La kwangu halivuji!" La jirani yake lilikuwa linavuja. Alikwenda kumwambia.

Tulicheka sana siku ile. Niliona ni mbinu nzuri ya fundi, kumwonyesha mtu lolote.

Mjini nilikuwa na rafiki mmoja, Bwana Salum, Mwislamu mwenye duka la vyuma, ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani akaoa Mhaya. Nilimwendea kwa woga. Alinikalisha juu ya gunia, akanisikiliza, kisha akaenda nyuma akarudi na boksi zima la misumari ya bati.

"Mimi humo siingii kusali," alisema, "lakini wanangu wanaweza kuingia kusoma, au siyo?"

"Wanakaribishwa, Bwana Salum."

"Haya. Ila jina langu usilisome huko kwenu. Nina watu wangu wa msikitini, sitaki maneno. Ukilisoma, hata msumari mmoja wa kukopa hutauona tena."

Nikaandika "misumari, kutoka mjini", na hivyo ndivyo nilivyosoma. Sikumkosea. Nawaomba mkumbuke kwamba sikumkosea, ili baadaye msije mkanitetea kwamba sikujua kazi ya kutunza jina la mtu.

Sasa niwaeleze kusoma majina. Kila mwaka kwenye sikukuu ya mavuno, waumini walileta mikungu ya ndizi, maharage, kahawa na kuku, ibada ikaisha, vitu vikanadiwa nje ya kanisa. Kabla ya mnada nilipanda ngazi na kusoma nani ametoa nini kwa ajili ya Nyumba ya Mawe. Mwanzoni nilisoma kama karani. Baadaye nikagundua nina kipaji. Nilijua mahali pa kunyamaza. Nilijua kusoma mkungu wa ndizi wa mtu maskini halafu nikatulia, nikamtazama mwenye gari. Watu walicheka, mwenye gari akatoa. Mwaka mmoja nilisoma samaki wakavu waliotoka kwa wavuvi wa kisiwa cha Goziba. Niliwafuata mwenyewe kwa mtumbwi siku mbili, wakaloa njiani, na baiskeli yangu ilinuka mpaka Krismasi. Nikasema, "Watu wasio hata na shamba la kuzikwa wametoa hiki." Mnada ule haukuwa na mfano. Yoeli alikuwa amekaa mstari wa mbele, na nilipomtazama nipate sifa alikuwa ameinama anakohoa.

"Mdomo wako ni panga," aliniambia baadaye. "Panga zuri. Lakini angalia nani amesimama nyuma yako unapolipunga."

Nilidhani ananionea wivu.

Mbavu za paa zilikuwa tatizo letu kubwa. Bati na misumari tulikuwa navyo, lakini boriti za zamani zote zilikuwa zimeliwa, na mikaratusi tuliyoipata ilikuwa michanga, inapinda. Fundi alisema wazi: bila mvule asingepandisha mtu juu. Mvule ulikuwepo katika vibanja, yaani mashamba ya migomba na kahawa, vya wakulima wakubwa, na wakulima wakubwa walikuwa na mvule kwa ajili ya vitanda vyao na majeneza yao. Nilizunguka miezi, nikipewa kahawa ya kutafuna na kuagwa vizuri.

Ndipo nilipofika kijiji cha Ijumbi, kwa mjane mmoja. Jina lake sitaliandika, mtaona sababu, nitamwita Mama. Aliishi katika kibanja cha marehemu mumewe, na mtoto aliyekuwa naye ni mmoja tu, wa kike, aliyeolewa na mvuvi huko Bumbire. Hakuna Mhaya anayehitaji kuelezwa maana ya hayo, lakini ninyi wengine nitawaeleza. Kwa desturi ya wakati ule kibanja ni cha ukoo. Mjane asiye na mtoto wa kiume hukaa kwa uvumilivu wa shemeji zake. Hula ndizi, huchuma kahawa, hulima maharage. Kilichosimama juu ya ardhi ile si chake kutoa.

Nilijua hivyo kabla sijaota meno yote. Nataka mlielewe hilo. Kosa langu halikuwa la kutojua.

Nyuma ya nyumba yake ulikuwepo mvule mmoja, mnyoofu kama mlingoti. Sikuuomba mti ule. Niliomba kioo cha dirisha. Mama akaniletea kahawa, tukatafuna, akasema, "Mume wangu alibeba mawe ya nyumba ile akiwa kijana. Mche huu aliutoa kwenye kitalu cha wamisionari siku aliyolipwa. Alikuwa akisema, mawe nimebeba lakini paa sikuweka. Uchukue huo."

Niliuliza, kwa sauti ndogo sana, "Na shemeji yako, Mama?"

"Shemeji yangu nitamkalia kimya, naye atanikalia kimya. Ndivyo tunavyoishi. Ila usilisome jina langu, mwanangu. Sema mti umetoka Ijumbi, basi."

"Ndiyo, Mama."

Nilikusudia hivyo kweli. Yoeli alikuwa mgonjwa kitandani, sikumwuliza. Wapasua mbao wakaja, wakauangusha, wakauchana papo hapo juu ya shimo la kupasulia, mbao zikapelekwa Bukoba. Ilichukua wiki moja na kidogo. Hakuna aliyekuja kupinga.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Kanisa lilijaa, wametoka Bukoba, wametoka Muleba, wakulima wakubwa wamekaa mbele na viatu vinang'aa. Nikasoma. Mkulima mwenye mivule sita katika kibanja chake alikuwa ametoa mkungu mmoja wa ndizi, na nilipousoma akaitikia kwa kichwa kama aliyekamilisha jambo. Nilipandwa na hasira. Karatasi yangu iliandikwa, "mti, kutoka Ijumbi". Nikaitazama. Nikaona ni maneno baridi, hayatamchoma mtu.

Nikasema, "Mvule mmoja." Nikanyamaza. "Mvule wake wa pekee." Nikalitaja jina lake na la marehemu mumewe, nikasema, "Mjane asiye na mtoto wa kiume! Baba zetu wa mstari wa mbele, mnasemaje?"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wa mnada wakakata kamba. Yule mkulima alisimama pale pale akatoa miti miwili. Mwingine akatoa mmoja, mwingine mmoja. Kabla ya jua kuinama tulikuwa na mvule wa kutosha paa lote. Mchungaji alinikumbatia. Kama mnaniuliza siku niliyofanya kazi yangu vizuri kuliko zote, ndiyo hiyo, na siwezi kuibadilisha.

Mbao zote zilikusanywa kwenye banda moja. Yoeli alipopata nafuu akaja kuziona, akasikia habari nzima. Hakunifokea. Aliketi juu ya rundo akauliza, "Shemeji yake alikuwepo kanisani?"

Sikuwa nimefikiri.

Alikuwepo. Mstari wa nne, upande wa wanaume. Kabla mvua za vuli hazijaisha ukoo ulikaa, na Mama akaambiwa achume kahawa ya msimu ule, kisha aondoke.

Tulikwenda Ijumbi, mimi na Yoeli, yeye kwa miguu nami nikisukuma baiskeli kando yake kwa aibu ya kuipanda. Shemeji yake, mtu mzima mpole, mwenye mvi, alitukaribisha ndani. Tuliketi. Mke wake alipita, akarudi, akapita tena. Kahawa haikuletwa. Yoeli alinitazama, nami nikaelewa kwamba tumekwisha kujibiwa, lakini tukasema hata hivyo.

"Tata," nikaanza, "mti ule kanisa liko tayari kulipa."

"Nani amekuambia tunauza?" Hakupandisha sauti. "Mti nilijua. Siku mnaukata nilikuwa napalilia kahawa, nikasikia shoka. Nikajiambia, shemeji yangu anamkumbuka kaka yangu, acha aukate, mimi sijasikia kitu. Hata ndugu zangu niliwaambia ni upepo."

"Basi, waitu," Yoeli akasema, "endelea kutosikia."

"Nitaendeleaje kutosikia? Huyu kijana wako amesimama mbele ya Bukoba nzima na Muleba nzima, akasema mti wake. Wake! Watu wamenigeukia kanisani kunitazama usoni. Leo nikinyamaza, kesho ardhi ya baba zangu ina mwenyewe mpya, na ndugu zangu wataniuliza mimi mkubwa wao nilikuwa wapi. Mti ningeusamehe, Mwinjilisti. Hilo jina alilolisoma, nifundisheni nilisamehe vipi."

"Kosa si la mama," nikasema. "Ni langu."

"Ni lako," alinikubalia. "Lakini wewe huna kibanja hapa cha kuondolewa."

Tulijaribu kwenye baraza la mtemi pia. Walisikiliza, wakasema desturi ni desturi. Mchungaji aliandika barua. Mimi niliandika tatu. Yoeli hakuandika. Alikwenda kukaa uani kwa shemeji yule kila Jumanne, kimya, mpaka kikohozi kikamrudisha kitandani, na mara hiyo hakuinuka. Nadhani ilikaribia kufaa. Kama ningejifunza kukaa kimya mapema, pengine tungekuwa wawili uani pale.

Nilimsindikiza Mama ufukweni, kwenye mtumbwi wa mkwewe wa kwenda Bumbire. Hakuwahi kuingia ziwani maisha yake yote. Alikuwa na mkeka, chungu, na mche mmoja wa mgomba aliouchimba alfajiri, ameufunga kwa majani makavu kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nalia.

"Acha, karani," akasema. "Utanilowesha kabla ya ziwa."

Akapanda, ameshika kingo kwa mikono miwili, mche umekaa mapajani. Nilitaka aniambie kitu kingine, hata matusi. Alikuwa anayatazama maji tu.

Miaka ilipita, paa likakamilika, chuo kikafunguliwa. Siku moja nilikuwa na fundi kwenye ukumbi mkubwa, wanafunzi wametoka kula, nikamwona Mama mlangoni. Alikuwa ameletwa hospitali kwa ajili ya macho. Alikuwa amekonda, ameshikwa mkono na binti yake. Nilipiga magoti kumsalimu. Akaniuliza habari za nyumbani kwangu, akaniambia mgomba ulishika lakini kisiwani upepo ni mkali, mikungu hudondoka kabla haijakomaa. Kisha akainua uso.

"Ni upi?"

Wajukuu zangu, sikujua. Mbao za miti yote zilichanganyika bandani, nami, niliyelisema jina lake mpaka kuku wakakata kamba, sikuwa nimefikiria kuweka alama hata ya chaki kwenye mti wake. Nikakumbuka yule mzee wa bati.

Nikanyoosha kidole. "Ule, Mama. Wa tatu kutoka mlangoni."

Binti alimsogeza chini yake. Mama alitazama juu kwa muda mrefu, na kwa macho yale sijui aliona nini. Akasema, "Mume wangu alisema ukikauka utakuwa mweusi. Kumbe kweli, umekuwa mweusi."

Zote zilikuwa nyeusi. Tulizipaka mafuta machafu ya lori kwa ajili ya mchwa.

"Ni kweli, Mama," nikasema.

Alikufa Bumbire, na alizikwa huko.

Sasa, karatasi yenu inasema mtaweka ubao wa marumaru ukutani wenye majina ya wote waliotoa, na kwamba fundi wa sasa atashusha boriti zote aweke kenchi za chuma. Yote mawili yanaweza kuwa mazuri. Chuma hakiliwi na mchwa, na nyumba lazima isimame. Watoto wengi wanatoka humo wakiwa watu. Msikate tamaa mkiagwa vizuri na mikono mitupu. Ombeni bawaba. Kaeni chini. Tafuneni kahawa polepole. Na kwa kila jina mtakalotaka kulichonga, mwende kwanza kwa mwenyewe, halafu mwulize ni nani anayeishi nyuma yake, na akisema hapana, iwe hapana, hata kama siku hiyo kanisa limejaa. Jina langu msiliweke. La kwake msilitafute. Waliobaki wanaolijua ni wachache, na nimewaomba wanyamaze.

Boriti mtakazoshusha uzeni, au pasueni madawati. Lakini ya tatu kutoka mlangoni, upande wa ziwa, naomba muiache juu ilipo, hata kama haitabeba kitu. Najua huenda siyo. Mwambieni fundi ndiyo hiyo.